Boeing 737-200 na Mafundi Wanaoiweka Angani

Programu za simu zinazoonyesha ndege zilizo angani hutumia vifupisho. Boeing 737-800, ambayo imejaa viwanja vyote vya dunia, huandikwa B738. Sasa andika B732 kwenye nafasi ya kutafutia. Ramani iliyokuwa imejaa vialama kama siafu njiani inabaki karibu tupu. Saa nyingine utakuta ndege mbili tatu tu, na mara nyingi moja kati yake itakuwa kaskazini ya mbali ya Canada, juu ya nchi isiyo na barabara wala reli. Hiyo ni Boeing 737-200. Aina hii iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 1967, na ya mwisho kutengenezwa ilikabidhiwa kwa mnunuzi mwaka 1988. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka 35, na bado kuna abiria wanaopanda asubuhi kwenda kazini.

Wapo watu wanaozisaka ndege hizi kwa uvumilivu mkubwa. Hawategemei namba ya usajili inayoandikwa mkiani, kwa sababu hiyo hubadilika kila ndege inapohamia nchi nyingine. Wao hufuata namba ya kiwandani, inayochapwa kwenye kibati na kubaki na ndege tangu inazaliwa hadi inakatwakatwa. Kwa namba hiyo utaijua ndege iliyoanza kazi Ulaya, ikauzwa, ikakodishwa, ikapakwa rangi mpya mara nne, ikaegeshwa jangwani, kisha ikafufuliwa. Nawaheshimu wasakaji hao. Lakini kila ukiifuata ndege moja kwa makini, unaishia mahali pamoja: kwenye karakana, ambako fundi amelala chali chini ya bawa na tochi mdomoni. Bila yeye hakuna cha kusaka.

Ili kuielewa kazi ya fundi huyo, lazima kwanza tuelewe uzee wa ndege ni nini. Miaka ni sehemu ndogo ya hesabu. Kinachohesabiwa zaidi ni saa za angani na mizunguko, yaani kila kupaa na kutua. Ndege ya jeti ikipanda juu, ndani hujazwa hewa ili abiria wapumue. Kiwiliwili kinatanuka kidogo sana, jicho halioni. Ikishuka, kinarudi. Rudia hivyo mara elfu kumi, mara elfu hamsini, na chuma kinachoka. Uchovu huo hauonekani kwa rangi wala kwa kutu. Huanzia kwenye ukingo wa tundu dogo la riveti, kwa ufa mwembamba kuliko unywele.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya somo hili. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya de Havilland Comet yenye usajili G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg, ikiwa safari ya kwanza duniani ya jeti kubeba abiria waliolipa nauli kwa ratiba. Njiani ilitua Entebbe. Tarehe 10 Januari 1954, ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Kutafuta sababu, wahandisi wa Farnborough huko Uingereza walichukua Comet nyingine, wakazamisha kiwiliwili chake kwenye tangi kubwa la maji, wakawa wanajaza shinikizo na kulitoa, mchana na usiku, mpaka kikachanika. Tangu siku hizo hakuna ndege ya abiria ya namna hiyo isiyohesabiwa mizunguko yake mmoja mmoja.

737-200 nayo ilikuja kutoa somo lake, na lilikuwa chungu. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege ya Aloha Airlines, iliyokuwa ikiruka kati ya visiwa vya Hawaii, ilichanika paa ikiwa futi 24,000 juu. Kipande cha karibu mita tano na nusu kiling'oka, kuanzia nyuma ya chumba cha rubani hadi karibu na mabawa. Mhudumu mmoja wa ndege alivutwa nje, akapotea. Marubani waliishusha Kahului, na watu 94 kati ya 95 waliokuwamo wakatoka hai. Ndege ilikuwa na umri wa miaka 19 tu, lakini ilikuwa imepaa na kutua mara 89,680, wakati Boeing walikuwa wameikusudia mizunguko 75,000. Safari za visiwani ni fupi, hewa ina chumvi ya bahari, na gundi iliyounganisha mabamba ya aluminiamu katika zile 737 za mwanzo ilikuwa imeachia. Mzigo wote ukabaki kwenye riveti. Nyufa ndogondogo zikaanza kwenye matundu mengi kwa pamoja, mwishoni zikakutana.

Katika uchunguzi, abiria mmoja alisema kwamba alipokuwa akipanda aliona ufa kwenye bodi ya ndege, karibu na mlango. Hakumwambia mtu yeyote. Kila ninapoisoma habari hiyo nahisi ndipo ilipo tofauti kati ya kuona na kukagua. Macho yalifika, lakini hayakuwa na kazi ya kufanya. Fundi analipwa ili macho yake yawe na kazi.

Basi tumtazame akiwa kazini. Ndege imeingizwa karakana kwa ukaguzi mkubwa, viti vimeng'olewa, vibao vya dari vimeshushwa, rangi imekwanguliwa pale inapobidi. Mkaguzi amepanda jukwaani hadi usawa wa madirisha, kwenye mstari ambapo bamba moja la kiwiliwili limelalia jingine. Mkononi ana kifaa chenye ncha nyembamba kama kalamu, kimeungwa kwa waya na kisanduku chenye kioo. Ncha ile ina koili ndogo ya umeme. Ikigusishwa kwenye aluminiamu, huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya chuma, na mikondo hiyo ikikutana na ufa hubadili njia. Kwenye kioo, nukta inaruka.

Kabla hajagusa ndege, anakijaribu kifaa kwenye kipande cha chuma chenye mkato uliotengenezwa makusudi, ambao kina chake kinajulikana. Nukta ikiruka kiasi kinachotakiwa, ndipo anaanza. Riveti ya kwanza, anaizunguka polepole. Ya pili. Ya tatu. Mstari mmoja una mamia, na mistari ni mingi. Saa nzima inapita nukta haijaruka, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo, kwa sababu riveti ya mia tatu inastahili umakini uleule wa riveti ya kwanza. Akikuta jambo, anatia alama kwa kalamu maalumu. Kalamu ya risasi ya kawaida ni marufuku kwenye bodi ya ndege, maana grafaiti inayobaki juu ya aluminiamu huanzisha kutu. Alama ya kuonyesha ugonjwa ingekuwa yenyewe chanzo cha ugonjwa mwingine. Mambo madogo kama haya, ambayo abiria hatayajua maisha yake yote, ndiyo yanayonifanya nivue kofia mbele ya kazi hii.

Lakini kwa nini mtu ahangaike na jeti ya zamani kiasi hiki wakati viwanda vinatoa mpya kila siku? Jibu liko ardhini. Kaskazini mwa Canada ardhi imeganda mwaka mzima kwenda chini. Lami nyeusi hunyonya joto la jua, ardhi iliyo chini yake ikayeyuka na kutitia. Isitoshe, kusafirisha mtambo wa lami hadi huko ni gharama kubwa. Kwa hiyo viwanja vingi vya huko ni vya changarawe. Mgodi wa chuma wa Mary River, katika kisiwa cha Baffin, una njia ya kurukia ya changarawe, na wafanyakazi wake wamekuwa wakipelekwa kwa 737-200. Kokoto ni adui wa jeti. Tairi zinazirusha kama risasi, na injini zinazifyonza.

Boeing walilitatua tatizo hilo mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vifaa vya ziada. Nyuma ya magurudumu ya mbele kuna bamba la chuma lililopindwa, linaning'inia sentimita chache juu ya ardhi, ili kokoto zinazorushwa zirudi chini badala ya kupiga tumbo la ndege. Magurudumu yakikunjwa, bamba nalo linakunjwa na kulala bapa. Magurudumu makubwa yana vikinga vyake. Mabomba ya haidroliki na ya breki yamefunikwa. Upande wa chini wa flapu za nyuma ya mabawa umeongezewa nguvu, tumbo limepakwa rangi ngumu isiyochubuka upesi, na taa ya chini inaweza kurudishwa ndani.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kibomba kinachochomoza mbele ya kila injini, chini ya mdomo wake. Injini ikivuta hewa kwa nguvu karibu na ardhi, huzaliwa kisulisuli kidogo kutoka chini hadi kwenye mdomo wa injini, kama vile tunavyoona vumbi likizunguka uwanjani wakati wa kiangazi. Kisulisuli hicho ndicho kinachonyanyua kokoto. Kibomba kile huchukua hewa ya shinikizo kutoka ndani ya injini yenyewe na kuipuliza chini na nyuma, kikakivunja kisulisuli kabla hakijasimama. Hakuna wavu, hakuna mlango, hakuna kinachozunguka. Ni hewa inapigana na hewa. Katika uhandisi wote wa ndege ninaoujua, sijaona suluhisho safi kuliko hili.

Injini nazo zina sehemu yake katika habari hii. 737-200 hutumia Pratt & Whitney JT8D, nyembamba na ndefu, iliyolala ikikaribia kugusana na bawa. Kizazi kilichofuata, 737-300, kilikuja na injini ya CFM56 yenye mdomo mpana, ikinywa mafuta kidogo zaidi na kupiga kelele kidogo zaidi, lakini ikiwa imekaribia mno ardhi. Kwa lami ni maendeleo makubwa. Kwa changarawe ni mwisho wa safari. Ndiyo maana ndege iliyopitwa na wakati kila mahali imebaki bila mrithi wa kweli kwenye viwanja hivi.

Vifaa peke yake havitoshi, rubani lazima ajue kuvitumia. Juu ya changarawe hasimami mwanzoni mwa njia akipandisha injini hadi nguvu kamili huku ameshika breki, kwa sababu hapo ndipo kokoto hunyanyuka. Anaanza kutembea kwanza, kisha anaongeza nguvu ndege ikiwa tayari inakwenda. Akitua, anagusa pale alipopanga, anashusha pua taratibu, na anautumia msukumo wa kurudi nyuma kwa uangalifu, akiupunguza mapema kabla ndege haijapoteza mwendo, isije ikafikiwa na vumbi lake yenyewe. Kona kali hakati. Njia yenyewe ina watu wake pia, wanaoichonga, kuishindilia na kuokota mawe makubwa kabla ndege haijafika.

Ikishasimama, fundi anashuka na kuizunguka. Anapapasa tumbo, anakagua tairi, anaangalia flapu kwa chini. Kisha anaingiza mkono kwenye mdomo wa injini na kupitisha kidole kwenye ukingo wa kila pangaboi. Kidole kinahisi kile ambacho jicho linaruka. Akikuta pengo dogo lililochongwa na kokoto, anafungua mwongozo kuona kama kina chake bado kinaruhusiwa na kama liko mahali panaporuhusiwa. Likiwa ndani ya kipimo, anatoa tupa na kulilainisha pengo lile mpaka linakuwa mbonyeo mpole, kisha analisugua kwa msasa laini. Kwa mtu asiyejua, ni kama anaongeza jeraha, na kweli anaondoa chuma zaidi. Lakini kona kali ndiyo inayokusanya mkazo na kuzaa ufa, na mbonyeo laini unautawanya mkazo. Kwa tupa ya mkono, kwenye baridi ya kaskazini, anairudishia injini uhai wake.

Baridi hiyo ina mtihani mwingine. Usukani wa 737-200 umeunganishwa na mabawa na mkia kwa nyaya za chuma zinazopita kwenye kapi, na haidroliki husaidia nguvu. Haidroliki ikiisha yote, marubani bado wanaweza kuiongoza kwa misuli yao kupitia nyaya hizo. Sasa, kiwiliwili ni aluminiamu na nyaya ni chuma cha pua. Joto likishuka sana, aluminiamu hujikunja kuliko nyaya, na nyaya zinalegea. Kwa sababu hiyo fundi hakazi waya kwa namba moja ya kudumu. Anapima joto la karakana kwanza, anasoma jedwali, ndipo anajua waya huu leo unapaswa kuvuta kiasi gani. Ndege ileile ina kipimo kimoja Januari na kingine Julai.

Na kuna karatasi. Kila kipuri kinachofungwa kwenye ndege lazima kiwe na cheti kinachosema kilitoka wapi, nani alikikarabati na kimefanya kazi kiasi gani. Vipuri vingi vya 737-200 havitengenezwi tena, kwa hiyo hutolewa kwenye ndege nyingine za aina hiyo zilizostaafu. Gia nzuri ya magurudumu bila karatasi zake ni chuma chakavu, hata kama inang'aa. Ndege nzima huishi kwa namna hiyo: upande mmoja aluminiamu, upande wa pili makabati ya kumbukumbu zilizoandikwa na kusainiwa na mafundi wa nchi mbalimbali kwa zaidi ya miaka 40, wengi wao hawakuwahi kuonana.

Sisemi haya ili msomaji adhani ustadi huu unazuia kila balaa. Tarehe 20 Agosti 2011 ndege ya shirika la First Air, nayo 737-200, iligonga kilima ikikaribia kutua Resolute Bay, kaskazini mwa Canada, na watu 12 kati ya 15 wakafa. Wachunguzi walikuta dira ilikuwa na kosa, ndege ikawa imetoka nje ya mstari wa kutua, na marubani hawakukubaliana kwa wakati. Chuma kilikuwa kizima. Ndege ya zamani inamdai rubani umakini zaidi kwa sababu haina misaada mingi ya kisasa, na anayeisifu bila kulisema hilo anaisifu nusu.

Nimeieleza Canada kwa kirefu, lakini hadithi hii tunayo na huku kwetu. Air Tanzania ilipata Boeing 737-200 mwishoni mwa miaka ya 1970, na Watanzania wengi wa rika fulani hawajasahau ile iliyotekwa Februari 1982 ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ikaishia Stansted, Uingereza. Kabla ya hapo, East African Airways ilikuwa na Super VC10 tano za Vickers, jeti iliyobuniwa ikifikiriwa viwanja vya juu na vya joto kama Nairobi, ikiwa na injini nne nyuma ili bawa libaki huru kuinua. Moja iliangamia Addis Ababa mwaka 1972. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nne zilizobaki zilirudi Uingereza, na jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa ndege za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Iliyokuwa na usajili wa Tanzania 5H-MMT ikaitwa ZA147. Tarehe 25 Septemba 2013 ndege hiyo ilitua Bruntingthorpe, na hiyo ikawa safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani. Jeti iliyokuwa ikihudumiwa na mafundi wa Embakasi, Nairobi, ndiyo iliyofunga mlango.

737-200 nazo zinaelekea huko. Canadian North iliziaga mwaka 2023. Air Inuit, shirika la Wainuit wa Quebec, limenunua 737-800 kuchukua nafasi ya 737-200 zake. Nolinor ya Mirabel, karibu na Montreal, bado ina kundi lake na bado inazirusha. Anayetaka kuiona B732 ikisogea kwenye ramani asingoje.

Kuna jambo moja nawaomba wasomaji wa Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na Mwanza. Mafundi wa East African Airways na wa Air Tanzania ya miaka ile, walio hai, sasa ni wazee, na ustadi walionao haumo kwenye mwongozo wowote wa Boeing wala Vickers. Kama baba yako, mjomba wako au jirani yako alivaa ovaroli Embakasi au Dar es Salaam, nenda ukae naye. Washa simu urekodi. Muulize alikuwa anapapasa wapi kwanza ndege ikitua, alikuwa anasikiliza nini, na vifaa vyake alikuwa anaviitaje.